Wasifu wa Mgeni Wetu

Klabu yetu ya Rotary, klabu ya huduma kwa jamii, hukutana kila Jumanne, saa saba kamili hadi saa nane kamili mchana. Asiyeamini hilo neno "kamili" hajamwona rais wetu akishika kengele. Simu ikilia, faini. Ukichelewa, faini. Sajenti wa klabu huzunguka na kisanduku chake akitafuta kosa usoni mwako kama daktari wa macho, na ukimwambia huna kosa, hilo nalo ni la majivuno.

Wiki hiyo zamu ya kumtambulisha mgeni ilikuwa yangu. Ni kazi ya dakika moja: unasoma wasifu aliokutumia, watu wanapiga makofi, unakaa. Nikikumbuka kwamba Rotary ilianza Chicago mwaka 1905, wakili Paul Harris na wenzake watatu wakikutana kwa zamu ofisini kwa huyu na kwa yule, nawaonea wivu. Watu wanne, wote wanajuana, hakuna wa kumsomea mwenzake karatasi.

Sasa, wiki hiyo hiyo tulifiwa na babu yangu mdogo. Mzee alikuwa amekula chumvi nyingi, tisini na kitu, na maziko yalipangwa Jumanne saa kumi. Kwa kuwa ukoo mzima unaamini mimi ndiye "mtu wa kompyuta", nikapewa kazi ya kuchapa wasifu wa marehemu. Jumatatu usiku nikachapa karatasi mbili, ya mgeni na ya babu, zote zikianza kwa herufi kubwa: WASIFU. Nikazikunja mara nne. Moja nikaitia kwenye bahasha ya binamu yangu, ambaye angetangulia msibani alfajiri na ndiye angesoma. Nyingine nikaitia mfuko wa shati.

Jumanne nikafika dakika mbili kabla ya kengele, nikijipongeza. Miwani niliiacha kwenye gari.

Mgeni wetu alikuwa daktari wa watoto, mama wa makamo hivi, mcheshi, aliyekuja kutuzungumzia polio. Rais akaniita. Nikaikunjua karatasi, nikaisogeza mbali hadi mkono ukaisha, nikaanza kuokota neno moja moja.

"Mgeni wetu alizaliwa mwaka 1933..."

Ukumbi ukacheka. Ningekuwa na akili timamu ningesimama pale. Lakini katika miaka yote niliyokaa klabuni sijawahi kuchekesha mtu, na kicheko kile kilinipanda kichwani. Nikaongeza sauti.

"...akiwa mtoto wa saba katika familia ya watoto tisa. Shule hakwenda, kwa sababu alikuwa akichunga mbuzi."

Kicheko kikubwa zaidi. Daktari mwenyewe alikuwa ameinamia meza, mabega yanatikisika. Kiswahili nacho hakikunisaidia, maana kwetu "alizaliwa" ni alizaliwa tu, awe babu au bibi. Hakuna herufi iliyonishika shati kuniambia, ndugu, huyu ni mwanamume.

"Alifunga ndoa mara tatu. Alipenda ugoro na ugomvi wa mipaka ya shamba."

Mtu wa meza ya nyuma alipiga meza kwa kiganja. Nikamwangalia kwa upendo.

"Mwezi wa pili miguu ilianza kuvimba..."

Hapo kicheko kikakatika kama umeme. Mimi nikadhani wameguswa. Nikashusha sauti, nikatia huzuni kidogo, maana msomaji mzuri hufuata maneno.

"Ameacha wajane wawili, watoto kumi na mmoja na wajukuu arobaini na watatu. Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi."

"Amina!" wakaitikia nusu ya ukumbi, kwa mazoea tu.

Ndipo nikainua macho. Rais ameshika kengele hewani, hajui aigonge au aiweke. Nikamtazama daktari. Akasimama taratibu, akarekebisha kipaza sauti.

"Nawashukuru kwa rambirambi zenu," akasema. "Na wajane wangu wanawasalimu."

Baada ya hapo alizungumza vizuri sana. Alisema mwaka 1988 polio ilikuwa ikipooza watoto wapatao 350,000 kwa mwaka duniani, na kwamba Agosti 2020 Afrika ilithibitishwa kuwa imeshinda kirusi cha polio cha asili, kazi iliyofanywa kwa matone mawili mdomoni, mtoto baada ya mtoto, nyumba baada ya nyumba. Sikusikia zaidi ya hapo. Nilikuwa nimekaa na karatasi ya babu magotini, sina hata pa kuificha.

Yakaja maswali. Mwanachama mmoja, yule ambaye swali lake huwa hotuba, safari hii aliuliza kwa ufupi: mgeni alijisikiaje huko ahera?

Kisha sajenti. Alinisimamisha, akanipima kwa yale maswali manne ya maadili ya Rotary, ambayo mfanyabiashara Herbert J. Taylor aliyaandika mwaka 1932 alipokuwa akiokoa kampuni iliyokuwa ikifilisika. Je, ni kweli? Ukumbi: "Hapana!" Je, ni haki kwa wote wanaohusika? "Hapana!" Je, kutajenga nia njema na urafiki bora? Hapo daktari alinyanyua mkono, akasema ndiyo. La nne hakulifikia, kengele ililia. Nilitozwa faini ya kumuua mgeni, na nyingine ya kumwoza mara tatu bila ridhaa yake.

Nilikuwa mlangoni, nacheka na mimi kinyonge, nilipoikumbuka ile bahasha.

Nikapiga simu. Imezimwa. Nikapiga tena nikiwa kwenye gari, nikapiga njiani, nikampigia shangazi, shangazi akapokea akasema kwa kunong'ona, "Mwanangu, ibada imeanza," akakata. Niliendesha kwa namna ambayo sitaieleza hapa.

Nilifika saa kumi na dakika ishirini. Magari yalikuwa yamejaa hadi barabarani, nikaegesha mbali, nikaanza kukimbia na viatu vya ngozi. Umati ulikuwa umetulia tuli. Kutoka kwenye vipaza sauti, sauti ya binamu yangu, nzito, yenye heshima zote, ilikuwa ikimalizia:

"...na leo atazungumza nasi kwa dakika ishirini, kisha atapokea maswali."