Monita pana: hapa Kigoma inamfaa nani?

Muuzaji wa monita pana hutaja inchi kwanza, na hapo ndipo mnunuzi anapopotea. Ukisikia inchi 34 unawaza TV kubwa ya sebuleni. Inchi hizo lakini hupimwa kutoka pembe hadi pembe, na monita yenye umbo la 21:9 (upana 21 kwa kimo 9) ina upana wa sentimita kama 80 na kimo cha 33 tu. TV ya kawaida ya inchi 32 ina takriban 71 kwa 40. Zidisha mwenyewe: TV inayoitwa ndogo ndiyo yenye eneo kubwa. Kwa hiyo pesa ya ziada hainunui ukubwa. Inanunua umbo, na swali ni kama kazi yako ina umbo hilo.

Zipo kazi za namna hiyo. Monita niliyoijaribu niliiazima kwa jamaa wa hapa Mwanga anayehariri video za harusi, na kwake sikuona hoja ya kupinga. Vipande vya video hulazwa kutoka kushoto kwenda kulia, na sherehe ya muda wa saa sita ni ndefu. Kwenye laptopu unasogeza mbele, unarudi nyuma, unasahau ulipokata. Kwenye kioo kile unaona maharusi wanavyoingia ukumbini na keki inavyokatwa bila kusogeza chochote, na picha ya kukagulia bado ina nafasi yake. Mhasibu wa duka la jumla mwenye jedwali la Januari hadi Desemba naye atapumua.

Kwa mwalimu anayechapa mitihani, au kijana wa steshenari anayeandika barua za watu, faida hupungua haraka. Karatasi inakwenda chini, haiendi pembeni. Monita pana yenye nukta za picha 3440 kwa upana na 1440 kwa kimo ina mistari ile ile 1440 iliyomo kwenye monita nyingi za inchi 27 za kawaida. Utafungua kurasa mbili sambamba, sawa, ila monita mbili za inchi 24 zilizotoka maofisini zinafanya hivyo hivyo, na bei ya mpya moja pana kwa kawaida inazinunua zote mbili na chenji inabaki. Moja unaweza hata kuisimamisha wima kama stendi yake inazunguka. Kasoro yao ni ule ukingo wa katikati, na shingo inayogeuka kutwa nzima. Kwa mhariri wa video ukingo huo unaudhi kweli. Kwa wengine wetu kuulalamikia ni kudeka.

Upande wa gemu ndiko sifa zimezidi. Gemu za kuendesha, hasa Euro Truck Simulator 2, zinapendeza mno: vioo vya pembeni vyote viwili unaviona bila kugeuza kamera. Nakiri hapo nilichelewa kulala. Lakini kioo hicho kina nukta karibu milioni 5, wakati Full HD ina milioni 2 na kidogo, na kila nukta lazima kadi ya picha iichore. Kompyuta iliyokuwa ikicheza laini kwenye Full HD inaanza kukwama, na unajikuta unatafuta kadi mpya ambayo haikuwa kwenye bajeti. Wenye laptopu za zamani wana tatizo jingine: HDMI (tundu la waya wa picha) ya toleo la 1.4 kwa ukubwa huo huishia kwenye Hz 50, yaani picha 50 kwa sekunde. Kwa jedwali inatosha, kwa gemu ya mbio haitoshi. Tena si kila gemu inakubali umbo hilo. Valorant, kwa mfano, haiwaongezei wenye vioo vipana uwanja wa kuona.

Mwenye kibanda cha gemu asijisumbue kabisa. PlayStation 5 hutoa picha ya 16:9, umbo la TV ya kawaida, hivyo karibu robo ya kioo ingebaki nyeusi pembeni huku wateja wakilipia mechi. Kibandani TV inashinda, na ikifa, mafundi wa TV hawakosekani.

Suala la umeme na fundi ndilo ningelipa uzito kuliko nukta. Kigoma iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya Taifa kufika, na mazoea ya kuweka stabilaiza hapa si ushamba. Monita yenyewe haili umeme mwingi, wati 40 hadi 60 hivi. Mlaji ni kompyuta yenye kadi kubwa, inayoweza kuvuka wati 400 gemu ikikolea, na UPS (betri ya akiba ya kompyuta) ndogo ya VA 650 kwa kawaida haifiki hapo. Umeme ukikatika kompyuta inazima papo hapo. Na kioo cha monita pana kikipasuka ndani ya buti ya basi kutoka Dar, chini ya magunia ya watu, hakuna cha kutengeneza. Monita mbili zina unafuu wake: ikifa moja, kesho unafungua kazi na nyingine.

Mhariri wa video mwenye oda za kila wikendi ningemwambia anunue, aichukue dukani mwenyewe na asafiri nayo miguuni. Wengine wote wachukue mbili. Halafu kuna ile pana ya bei nafuu, inchi 29 yenye 2560 kwa 1080, inayowavuta wengi kwa sababu ya jina. Kimo chake ni kile kile cha monita ya inchi 23, na mistari yake ni ile ile ya laptopu yako ya Full HD. Hiyo mimi ningeiacha rafuni.