Kwa mashua ya umeme, nunua paneli ya paa la nyumba

Paneli zangu za kwanza za sola zilikuwa nne, za ile aina inayopindika, wati 100 kila moja, nyepesi hata nikazipandisha zote mashuani kwa safari moja. Muuzaji aliziita "paneli za baharini" na jina lile likanitosha. Nikazigandisha kwa gundi juu ya sitaha, mbele ya mlingoti, nikarudi gatini kuzitazama kwa furaha kubwa. Msimu wa pili haukwisha. Mbili zilikufa kabisa, ya tatu ikaota mabaka ya kahawia. Wakati huo injini ya dizeli nilikuwa nimeshaing'oa, na mota ya umeme ndiyo peke yake ya kunitoa bandarini upepo ukitulia. Iliniuma sana. Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue paneli gani kwa mashua ya tanga yenye mota ya umeme, namwambia anunue ya kioo, ile ile inayofungwa juu ya paa la nyumba.

Wengi hushtuka. Paneli ya nyumba ni kubwa, ni nzito, ina fremu ya alumini, haina sura ya kitu cha baharini. Lakini seli ya silikoni haipendi joto. Wati unazoziona kwenye lebo zilipimwa seli ikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Kila nyuzi moja juu ya hapo hupunguza nguvu kwa kama asilimia 0.3 hadi 0.4. Paneli iliyogandishwa kwenye sitaha haipati hewa kwa chini; seli ikifika nyuzi 65, asilimia 12 hadi 16 ya ulichokilipia imeshapotea, na joto hilo hilo linazidi kula plastiki na gundi. Halafu watu wanaikanyaga. Seli ni kipande cha silikoni chembamba kuliko kadi ya benki. Ikipindwa-pindwa hupata nyufa ambazo jicho halizioni, penye ufa pakapata moto, na mwisho wake ni mabaka kama yale yangu. Kioo huiokoa seli kwa sababu chenyewe hakikubali kupinda.

Sisemi paneli za kupindika hazina kazi. Juu ya turubai la kivuli, au kwenye chombo cha mashindano ambako kila kilo inahesabiwa, pengine hakuna nyingine itakayofaa. Ukizinunua, zihesabu kama unavyohesabu tanga, kwamba zitachakaa na utazibadilisha.

Kosa ninaloliona zaidi, hata kwa watu wenye uzoefu mkubwa wa bahari, ni kuanza na wati. Mtu anapiga hesabu ya mota, anapata wati fulani, anakwenda kununua, kisha anarudi nazo na hajui aziweke wapi. Anza na nafasi. Paneli nzuri ya leo hutoa kama wati 200 kwa mita ya mraba, na tofauti ya kampuni moja na nyingine ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Kwa hiyo cha kujua ni una mita ngapi za mraba zisizopigwa kivuli. Mimi nilikata maboksi kwa kipimo halisi cha paneli ya wati 400, mita 1.7 kwa 1.1, nikayafunga kila nilipodhani patafaa, nikakaa mashuani kuanzia asubuhi hadi jioni nikitazama kivuli cha mlingoti, cha kamba na cha tanga lililokunjwa kikizunguka. Pale mbele ya mlingoti nilipogandisha zile za kwanza palikuwa kivulini karibu nusu ya mchana! Paneli zangu zilikuwa na maradhi mawili, na mimi nilikuwa nimelijua moja tu.

Kivuli kinastahili kuogopwa. Seli ndani ya paneli zimefungwa mfululizo, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo: mmoja akizembea, mstari mzima unamngoja. Ndiyo maana paneli za nyumba huwekewa dayodi, kwa kawaida tatu, ili sehemu iliyofunikwa irukwe na nyingine ziendelee. Zile zenye seli zilizokatwa nusu ni bora zaidi, kwa kuwa paneli imegawanywa pande mbili zinazofanya kazi sambamba. Upande mmoja ukiingia kivulini, wa pili haukwami. Kwa mashua nisingechukua za aina nyingine.

Yangu sasa ni mbili, nyuma kabisa, juu ya tezi, kwenye fremu ya bomba za chuma cha pua. Kila moja ina uzito wa kilo 21 hivi, na hizo ni kilo zilizo juu, mahali chombo kisipopenda kubebeshwa. Hata hivyo uzito haunisumbui kama upepo. Upepo wa kilomita 75 kwa saa ukiikuta paneli moja imeupa uso wake wote, unaisukuma kwa kama kilo 50, na pepo za ghafla huzidi hapo. Ukiona fremu imefungwa kwa vibanio vya plastiki, kataa. Na pale bolti ya chuma cha pua inapogusa alumini, weka kitu cha kuzitenganisha, hata pete bapa (washa) ya nailoni. Maji ya chumvi yakiingia kati ya metali hizo mbili, alumini ndiyo inayoliwa.

Nije kwenye hesabu. Paneli mbili za wati 400 ni wati 800 kwenye karatasi. Mahali penye jua sawa na saa nne na nusu za mwanga kamili kwa siku, ukitoa robo kwa ajili ya joto, chumvi, kulala kwa paneli na hasara za waya, unabaki na uniti 2.7, yaani kilowati-saa 2.7. Je, zinatosha? Inategemea haraka yako. Nguvu inayotakiwa kusukuma mashua hupanda takriban kwa mchemraba wa mwendo: ukipunguza mwendo kwa nusu, unatumia kama sehemu moja ya nane tu. Chukua mashua inayohitaji wati 4,000 kwenda maili 5 za baharini kwa saa. Uniti zile zitaisha kwa dakika 40, na utakuwa umekwenda maili tatu na kidogo. Mashua hiyo hiyo ikienda maili 2.5 kwa saa inakula wati 500, na sasa umeme wa siku moja unakupa zaidi ya saa tano na maili 13. Hesabu hii ndiyo iliyonifanya niupende umeme baharini. Anayetaka kukimbia hata paneli kumi hazitamtosha, na mwenye subira zitamtosha mbili.

Mwaka 2012 chombo kilichoitwa Tûranor PlanetSolar kilikamilisha safari ya kuizunguka dunia kwa jua tupu, siku 584, kikiwa na mita za mraba 537 za paneli juu ya mwili wa mita 31. Ni kazi ninayoiheshimu mno. Ila wewe mwenye mashua ya mita tisa huna uwanja wa namna hiyo, na huuhitaji, kwa sababu una tanga. Jua kwako lina kazi ya kujaza betri kidogo kidogo siku unazotia nanga, haba na haba, ili siku upepo ukikosekana uwe na akiba.

Kuna mtego mmoja wa volti ambao sijaona wauzaji wakiutaja. Betri ya lithiamu ya volti 48 ina seli 16, na ikikaribia kujaa hufika kama volti 57. Paneli ya nyumba ya wati 400 mara nyingi hufanya kazi kwenye volti 31 hivi. Ukifunga mbili mfululizo unapata 62, unadhani umemaliza. Lakini joto hushusha volti pia: mchana wa jua kali zile 62 huwa kama 54, na kontrola ya kawaida ya MPPT, yaani kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli hadi kwenye betri, inajua kushusha volti, haijui kupandisha. Matokeo yake betri haijai, tena saa ile ile jua linapowaka kuliko saa zote. Ama uwe na paneli tatu mfululizo, na hapo uangalie zisipite kiwango cha juu cha kontrola asubuhi ya baridi ambapo volti hupanda. Ama ununue kontrola za kupandisha volti, moja kwa kila paneli. Mimi nilichagua za kupandisha, kwa ajili ya kivuli: paneli ya kushoto ikifunikwa na tanga, ya kulia haina habari.

Paneli mpya zisizokuwa na soko, zile moja mbili zinazobaki kwa mafundi baada ya kufunga paa, ndizo ninazozipenda kuliko zote. Fundi hana pa kuzipeleka, na wewe unahitaji mbili tu. Omba karatasi ya vipimo, utafute humo namba ya kipimo cha ukungu wa chumvi, IEC 61701. Isipokuwepo si lazima ukatae, ila ikague zaidi fremu na kisanduku cha waya cha nyuma. Zifuate mwenyewe kwa gari, zisafirishwe wima, kwa sababu kusafirisha kioo kimoja kimoja kunaweza kugharimu kama kioo chenyewe.

Kuhusu mtumba nina neno. Paneli haizeeki haraka, hupoteza karibu nusu asilimia kwa mwaka, kwa hiyo ya miaka kumi bado ina nguvu. Lakini ya zamani yenye ukubwa wa mita 1.65 kwa karibu mita moja ilitoa wati 250 tu tangu ilipokuwa mpya. Shambani hiyo ni bahati njema, kwa kuwa nafasi ipo. Mashuani nafasi ndiyo mali, kwa hiyo mtumba nauchukua ukiwa wa miaka michache tu. Nenda siku ya jua kali na mita yako ya kupimia umeme. Elekeza paneli kwenye jua, pima volti bila mzigo, linganisha na lebo. Pungufu kidogo ni joto. Ikiwa theluthi nzima imekosekana, dayodi moja imekufa au safu moja ya seli imekatika. Ampea zipime kwa mita ya kubana waya, maana paneli hizi hupita ampea 10 na mita nyingi ndogo huungua fyuzi hapo.

Hivi sasa natafuta ya tatu, ya kukaa katikati nyuma ya zile mbili. Boksi lake nimeshalikata. Upana usizidi mita 1.05, kwa sababu kamba ya nyuma ya mlingoti inapita pale, na wiki iliyopita nimeiacha paneli safi kabisa ya wati 450 kwa ajili ya sentimita nane.