Mfano hauna kosa, kosa ni kuukatiza

Wataalamu wa kompyuta wanalalamikia jinsi akili unde inavyoelezwa kwa msomaji wa kawaida. Modeli, yaani programu ya akili unde, "inafikiri"; mtandao wa nyuroni, yaani hesabu zilizounganishwa ndani yake, ni "ubongo". Wanataka mifano ifutwe, zibaki namba. Kwenye ubongo wana haki: hiyo nyuroni ni hesabu tu, hasa ya kuzidisha na kujumlisha. Hata jina, liwe akili unde, mnemba au bandia, linaanza na akili, na msomaji keshapotea kabla ya sentensi ya kwanza.

Lakini namba tupu nazo hudanganya, tena kwa upole.

Chukua Frontier, kompyuta kuu ya maabara ya Oak Ridge, Marekani. Mwaka 2022 iliongoza TOP500, orodha ya kompyuta zenye kasi zaidi duniani, kwa kupiga hesabu trilioni 1,102,000 kwa sekunde. Namba ni sahihi, ila nani anaiona? Ndipo waandishi huleta mfano: watu wote duniani, bilioni 8, kila mmoja apige hesabu moja kila sekunde, usiku na mchana. Kazi ya sekunde moja ya mashine ingewachukua zaidi ya miaka 4.

Wataalamu huuita mfano huu wa kitoto. Mimi naupenda, maana ukiusogeza hatua moja unafichua kilichojificha ndani ya namba. Watu bilioni 8 hawawezi kupiga hesabu kila mtu kivyake. Huyu anangoja jibu la yule ndipo aendelee. Yule naye karatasi yake haijafika. Ndani ya mashine ni vivyo hivyo: chipu hukaa bure zikisubiri data kutoka kwenye kumbukumbu au kwa chipu nyingine. Kipimo kiitwacho HPCG hupima kazi za kusubiriana namna hiyo, na Frontier ileile ilipata humo takriban trilioni 14,000. Hiyo ni kama asilimia 1 ya sifa yake. Asilimia moja! Na mashine ni nzima, haina hitilafu yoyote. Anayesoma orodha ya TOP500 peke yake hawezi kuliotea hilo, ila aliyewafikiria wale watu na karatasi zao ataliuliza mwenyewe.

Sogeza tena. Waruhusu watu hao wakadirie, waache tarakimu za mwisho. Kasi itapanda. Akili unde hufanya hivyo: hutosheka na namba fupi za biti (tarakimu za 0 na 1) 16 au 8, wakati TOP500 hudai biti 64. Katika kipimo kinachoruhusu ukadiriaji, mwaka huohuo wa 2022, Frontier ilifika trilioni 6,860,000. Kwa hiyo anayelinganisha kasi ya "kompyuta ya akili unde" na ya TOP500 analinganisha vitu viwili tofauti, hata kama namba zake zote ni za kweli.

Wataalamu watanijibu kwamba waandishi wachache husogeza mfano hadi huko. Wengi huishia kwenye ile miaka 4, wakaweka picha ya roboti na kufunga makala. Hapo sina ubishi nao.