Mama alicheka kokwa yangu dirishani

Mama aliposhuka kutoka Kibosho na ndizi zake za mtori, hata viatu hakuvua. Aliiona glasi dirishani, kokwa ya parachichi imeegemezwa kwa vijiti juu ya maji. "Hii nayo ni dawa ya nini, mwanangu?" Nikamwambia naiotesha. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kihambani, yaani kwenye shamba letu la nyumbani, kokwa hutupwa jalalani, masika yakipita unakuta imeshatoa mche, na mche wenyewe unang'olewa kama magugu.

Sawa, mama. Ila wewe una kihamba, mimi nimepanga chumba kimoja Majengo, hapa Moshi mjini. Jalala langu ni la baba mwenye nyumba.

Ninavyoona mimi, glasi ni njia nzuri ya kuotesha parachichi, mradi usidanganywe kuhusu inakoishia. Nimeua kokwa mbili kabla ya hii. Ya kwanza niliianika juu ya friji wiki tatu, nikidhani naitunza. Parachichi si mahindi ya kuweka ghalani. Kokwa yake ikikauka, imekufa. Iliwe leo, ioshwe leo, iingie majini. Ya pili niliigeuza kichwa chini. Upande ulio bapa ndio unaokaa ndani ya maji, mzizi hutokea huko, na ncha inatazama juu. Tena nilitumia njiti za kiberiti. Zikalainika, kokwa ikazama. Tumia vijiti vya kuchokolea meno, vitatu vinatosha.

Maji badilisha kila baada ya siku tatu au nne. Usipofanya hivyo utafuga viluwiluwi vya mbu, na hapo majirani watakuwa na haki ya kukusema. Kwenye joto kokwa hupasuka ndani ya wiki tatu hadi sita hivi. Yangu niliiweka Juni, na baridi ya Moshi mnaijua: ilikaa karibu wiki nane kimya kama jiwe. Nilikuwa nimeshakata tamaa ndipo nikaona ufa, kisha mzizi mweupe, na siku nyingi baadaye kichipukizi chekundu-chekundu.

Kinachoniudhi ni wanaoahidi kwamba ukila Hass, ile aina ya parachichi inayouzwa sana, na kuotesha kokwa yake, utavuna Hass. Ua la parachichi hufunguka mara mbili: mara ya kwanza kama jike, likafunga, kisha likafunguka tena kama dume. Kwa hiyo chavua mara nyingi hutoka mti mwingine, na mtoto hafanani na mama. Unaweza kungoja miaka 5, hata zaidi ya 10, ukapata tunda la maji lisilo na mafuta. Ni bahati nasibu.

Ingawa bahati nasibu hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea Hass yenyewe. Mti wa kwanza uliota kutokana na kokwa tu, kwenye shamba la Rudolph Hass, mfanyakazi wa posta huko California. Alipata hataza yake, yaani haki ya kisheria juu ya aina hiyo, mwaka 1935, na kila Hass unayoiona leo imetokana na vikonyo, yaani vijitawi vya kupachika, vya mti ule mmoja. Ulikufa mwaka 2002 kwa kuoza mizizi.

Mimi sichezi bahati nasibu kwa miaka 10. Mche wa kokwa una kazi nyingine, nayo ni kubebeshwa. Shina likifika unene wa penseli, mtu anayejua kazi anapachika kikonyo cha Hass juu yake, na matunda huanza kuonekana kama baada ya miaka mitatu. Miche ya kubebesha inayouzwa vitaluni nayo huanzia kwenye kokwa. Tofauti ni kwamba kitaluni huota moja kwa moja kwenye udongo, na kwa wingi. Mwenye shamba asihangaike na glasi, aende zake kitaluni Tengeru, kule Arusha, akanunue.

Mche wangu sasa uko kwenye kopo la rangi nililolitoboa chini, una majani sita. Mama ameacha kucheka. Wiki iliyopita alipiga simu kuuliza habari za ada ya mdogo wangu, akamalizia kwa kuniambia masika ijayo niupeleke nyumbani. Mahali ameshapachagua: upande wa juu wa zizi, mbali na mfereji, maana pale chini maji hutuama.