Picha ya kila mwaka, na mtoto anayesema hataki

Siku binti yangu alipotimiza miaka tisa, aligoma kupigwa picha. Tangu azaliwe, kila mwaka tulikuwa tukimweka karibu na dirisha lile lile, mchana, taa zimezimwa, tunampiga picha moja tu ya kifua na uso. Mwaka huo alinitazama akasema, "Baba, leo sitaki," akageukia ukutani. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe. Nikabonyeza. Picha ikatoka na kisogo cha mtoto, nywele zimesukwa, shingo nyembamba, kola ya gauni imejikunja upande mmoja. Niliibandika kwenye albamu pamoja na zile nyingine, lakini moyo haukutulia.

Ndiyo maana nimerudi kwenye swali ambalo sisi wazazi hulipita haraka: picha hizi za mtoto anavyokua, tunampigia nani?

Wanaozitetea wana hoja nzito, na mimi bado nimeegemea kwao. Mtoto hukua kwa kasi ambayo macho ya nyumbani hayaioni. Katika mwaka wa kwanza pekee urefu wake huongezeka kwa takriban sentimita 25, na uzito hufika karibu mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Anayemwogesha kila siku hana anachokishtukia. Halafu inakuja miaka ya sita na saba, meno ya mbele yanang'oka, na uso unageuka mwingine hata kabla pengo halijaziba. Mtoto mwenyewe hana kumbukumbu ya mwanzo wake, maana watu wazima wengi hawakumbuki lolote la kabla ya miaka mitatu hivi. Sura aliyokuwa nayo akiwa na miezi minane, ataijua kwa picha au hataijua kabisa.

Mtengeneza filamu wa Uholanzi, Frans Hofmeester, alimrekodi binti yake kila wiki tangu alipozaliwa mwaka 1999. Mwaka 2012 alipoviunganisha vipande vile, miaka 12 ilipita mbele ya macho ya watazamaji kwa chini ya dakika tatu. Nilipoitazama nilinyamaza. Nguvu yake haitokani na ufundi mkubwa. Inatokana na uaminifu wa kurudi pale pale, uso ule ule, bila kuruka. Hata kwa simu jambo hilo linawezekana: mwanga wa dirisha, kamera usawa wa macho ya mtoto, na wewe usogee nyuma hatua mbili tatu, kwa sababu ukimkaribia mno pua na paji la uso huonekana vikubwa kuliko vilivyo.

Upande wa pili nao si wa kupuuzwa. Mwaka 2014 mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Henkel, alichapisha utafiti uliofanyika ndani ya jumba la makumbusho: vitu ambavyo washiriki walivipiga picha vikiwa vizima walivikumbuka vibaya kuliko vile walivyovitazama tu. Kamera iliwabebea kazi ya kukumbuka, wao wakaiacha. Ila pale walipoivuta karibu kwa kamera sehemu moja ya kitu, hawakupata hasara hiyo. Washiriki wake hawakuwa wazazi na watoto, lakini mimi naona humo tofauti kati ya mtu anayepiga picha mia mbili za mtoto akicheza, asitazame hata moja baadaye, na yule anayeketi naye dakika kumi kwa ajili ya picha moja.

Kuna pia jambo la zamani linalonigusa. Katika karne ya 19, picha zilipohitaji sekunde kadhaa za kutulia, mara nyingine mama alifunikwa kitambaa, aonekane kama kiti, ili amshikilie mtoto asitikisike. Mtoto akabaki kwenye picha, mama akapotea. Leo kitambaa hakipo, lakini pekua picha za nyumba nyingi utakuta hali ile ile: mzazi aliyeshika simu hayumo. Mtoto atakapozitazama miaka ishirini ijayo atajiona yeye, na atamtafuta aliyekuwa akimtazama.

Kubwa zaidi ni kuzitawanya. Picha ya albamu inaonwa na wanaokuja nyumbani. Picha ya mtandaoni haina mlango. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unampa mtoto haki ya faragha katika kifungu cha 16, na kifungu cha 12 kinataka maoni yake yazingatiwe kulingana na umri na ukomavu wake. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2024 inayowataka wazazi wote wawili kuilinda kwa pamoja haki ya mtoto juu ya picha zake, na kumshirikisha mtoto mwenyewe. Wapo wanaosema ni dola kuingia sebuleni mwa watu. Mimi sioni hivyo. Mtoto wa miaka miwili hawezi kukubali wala kukataa, na anayemsemea ndiye huyo huyo anayefurahia kupongezwa. Hapo mtu wa tatu anahitajika.

Kwa hiyo naendelea kupiga, mara moja kwa mwaka, nachapa kwenye karatasi, siposti. Na sasa naomba kwanza.

Alipotimiza miaka kumi nilimfungulia albamu, nikamwonyesha ile ya kisogo, nikamwambia kuwa nilikosea kubonyeza alipokuwa amekataa. Akaitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya ile kola. Kisha akaibandua taratibu, akaenda nayo chumbani kwake. Sijamuuliza ameiweka wapi. Ukurasa wa miaka tisa umebaki na alama nne za gundi.