Dakika 60 za Kuchemsha Hazitoshi Nairobi

Mara ya kwanza nilipotumbukiza themometa kwenye sufuria ya maji ya kimea ya kutengenezea bia, jikoni kwangu Umoja, ilipanda hadi nyuzi 94 ikagoma hapo. Sufuria ilikuwa inatokota, povu limefika ukingoni, nami nimeshika mwiko tayari kulivunja. Nikajua themometa imekufa. Kesho yake nikanunua nyingine mjini. Nayo ikasoma 94.

Ningemuuliza tu shangazi yangu wa Mombasa. Kila akija kututembelea hulalamika kwamba maharagwe ya Nairobi hayaivi. Maharagwe hayana kosa. Jiji hili liko mita 1,700 na ushei juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100.

Maelekezo mengi ya pale ale, bia yenye uchungu wa hopu, tunayofuata huku sisi tunaopika bia nyumbani yameandikwa na watu ambao maji yao huchemka kwa nyuzi 100 au karibu na hapo. Wakisema dakika 60, nasi tunaweka dakika 60. Hapo ndipo ninapobishana na wenzangu. Uchungu wa hopu, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, hauji kwa kulowekwa tu: asidi za alfa zilizomo ndani yake lazima zibadilike umbo kwa joto ndipo ziyeyuke na kubaki ndani ya bia. Nyuzi 6 zikipungua, kasi ya badiliko hilo hushuka sana. Kwa hesabu yangu, dakika 90 za hapa ndizo zinazokaribia dakika 60 za Mombasa. Ukishikilia 60 bila kuongeza kitu, bia inatoka tamu-tamu, halafu unalaumu hopu kwamba zilikaa sana dukani.

Kuna wanaosema ni afadhali kuongeza hopu kuliko kuchoma gesi. Gesi ni ghali, nakubali. Lakini hopu nazo zinatoka ng'ambo na bei yake si mchezo. Mmea wenyewe unataka siku ndefu za kiangazi, na sisi hapa ikweta mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima. Tena kuchemsha kwa muda mrefu kuna faida ya pili: kunafukuza ile harufu ya mahindi ya kuchemsha ambayo kimea hutoa kikipata moto. Inaondoka na mvuke, kwa hivyo tafadhali, usifunike sufuria inapochemka. Niliwahi kufunika ili kubana gesi. Lita 20 nzima zikanuka kama sufuria ya muuza mahindi wa stejini, nikazimwaga zote.

Siku hizi naanza na lita 26 hivi, kwa sababu nyingi zitapaa. Gramu 35 za hopu aina ya Cascade zinaingia mwanzoni kabisa, nyingine 20 zikibaki dakika 15. Kisha nazima moto, nasubiri joto lishuke chini ya nyuzi 80, ndipo natia gramu 40 za mwisho, nafunika, naziacha dakika 20. Hizi za mwisho sizibadilishi kwa sababu ya mwinuko. Kazi yake ni harufu, ile ya ganda la balungi, na harufu haitaki moto mwingi popote ulipo.

Kwa wenzangu wa Limuru, huko juu ya mita 2,200, ongezeni dakika nyingine 10 au 15 juu ya hizo 90.