Joka tamu, muvi ndefu

Jamani mi naomba niongee kidogo kuhusu The Desolation of Smaug, ya pili kati ya muvi tatu za The Hobbit, zile za mbilikimo 13 wanaoenda kuukomboa mlima wao kwa joka Smaug, wakiwa na mchawi Gandalf na Bilbo, kijitu kifupi cha kabila la hobbit. Najua ni muvi ya 2013 na wenye haraka zao walishaisahau, ila kuna vitu mtu unakaa navyo kifuani mpaka upate pa kuvitua, na mama watoto ameshapiga marufuku habari za mbilikimo wakati wa kula.

Kwanza hesabu. Kitabu chenyewe, The Hobbit cha mwaka 1937, kiliandikwa kwa ajili ya watoto, sura 19 basi, unakisoma wikiendi na nguo unafua. Sa muongozaji Peter Jackson kachukua kitabu hicho hicho kimoja katoa muvi tatu. Tatu! Wakati The Lord of the Rings, lile lidude nene la vitabu vitatu, nalo alilitolea muvi tatu hizo hizo. Mwanzo walisema The Hobbit zitakuwa mbili, kufika 2012, hata ya kwanza haijatoka, wakatangaza zimekuwa tatu, na mi niliposikia tu nikajua hapa kuna mtu atalipia na mtu mwenyewe ni mimi. Ukizijumlisha zote unakaribia masaa nane. Na hela wamepata, karibu dola bilioni tatu kwa zote, kwa hiyo hata ukilalamika unalalamika peke yako.

Hii ya pili ina dakika 161. Kwa mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi na bisi mkononi sawa, ni dakika 161 kweli. Kwangu unaweka muvi, mtoto anakuja anauliza huyu mzee wa ndevu ni mchawi au babu, unamjibu ni vyote viwili, unarudisha nyuma ulipoishia, jirani anabisha hodi anaomba ngazi, unampa ngazi, anaanza kukusimulia kwa nini anataka ngazi, unarudi ndani mita ya LUKU inapiga kelele, unatoka kununua umeme, unarudi unakuta watu wameshahamia kwenye tamthilia ya Kituruki na ukiuliza wanakwambia si ulikuwa umeondoka. Muvi ya namna hii unaimaliza ukiwa umeshasahau ilianzaje.

Alafu mke wangu ana maswali. Mwisho wa ile ya kwanza tai wakubwa wanawaokoa hawa jamaa, wanawabeba angani, wanaenda kuwashusha juu ya mwamba, mlima wanaoutafuta unaonekana kwa mbaaali. Akaniuliza hao ndege si wangewafikisha? Nikanyamaza. Akasema bodaboda akinishusha hapo mi simlipi. Sina jibu mpaka leo, na hii ya pili, ukitoa kile kipande cha mwanzo cha mambo ya nyuma, wanaanza kweli wanatimua mbio kwa miguu, majitu yako nyuma yao, na yeye kaniangalia tu hakusema kitu.

Sasa hapo wanakimbilia kwa Beorn, jamaa anayegeuka dubu. Kitabuni huyu mtu kapewa sura nzima, ana nyuki, ana wanyama wanaohudumia wageni mezani, Gandalf anamletea wale mbilikimo wawili wawili ili asishtuke wanavyozidi kuongezeka, yani ni vichekesho kabisa. Kwenye muvi kapita fasta, hata kumzoea hujamzoea, wameshaondoka. Nikajiuliza, masaa nane yote mmeyafanyia nini kama hata dubu kakosa nafasi?

Wamefanyia mapenzi.

Kuna dada anaitwa Tauriel, wa kabila la elf, wale wa msituni wenye masikio yaliyochongoka, kacheza Evangeline Lilly, kitabuni hayupo. Mi sina tatizo na yeye kuongezwa, kile kitabu hakina mwanamke hata wa kuuza karanga, kwa hiyo aje, tena anajua kulenga mishale na anapigana vizuri kuliko wanaume wote mle msituni. Tatizo ni kazi waliyompa baadae, eti ampende Kili yule mbilikimo kijana, huku Legolas, elf mwenzie Tauriel ambaye naye kitabuni hayumo, anawaangalia kwa jicho la mtu aliyedhulumiwa kiwanja. Na Lilly mwenyewe alishasema alikubali kucheza kwa sharti kusiwe na mapenzi ya watu watatu, wakamkubalia, baadae wakarudi kushuti vipande vya nyongeza, mapenzi hayo hapo. Kili kachomwa mshale wa sumu, kabaki mjini kwenye ziwa anauguzwa, na wenzie watatu nao wamebaki. Watu 13 wamefunga safari kwenda kuikomboa nyumba ya mababu zao, wanne wako kwa mgonjwa. Kitabuni wote walifika mlimani, wote!

Na hapa ndo napata hasira zaidi, maana vitu vingine walivyoongeza nimevipenda. Yale mapipa! Kitabuni mbilikimo wamefungiwa ndani ya mapipa kimyakimya, Bilbo yuko juu anang'ang'ania, analowa, anapata mafua, basi. Muvi imefungua mapipa, mto unashuka kwa kasi, huku mishale, kule mapanga, Legolas anasimama juu ya vichwa vya watu anapiga mishale kama hayuko majini, na yule bonge Bombur pipa lake linaruka nchi kavu linabingirika linasaga majitu upande huu na ule. Ni upuuzi mtupu. Nimekirudia hicho kipande mpaka mtoto wangu mdogo anakiigiza na ndoo ya kuogea.

Na buibui wa msituni nao sina neno. Tolkien aliyetunga haya yote kazaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini ya leo, mwaka 1892, na inasimuliwa kwamba akiwa mtoto huko huko aling'atwa na buibui. Mwenyewe alisema hakumbuki. Mi naona mwili ulikumbuka.

Mara ya kwanza kabisa niliionea banda umiza, ile iliyotafsiriwa, na mtafsiri yule popote alipo Mungu amuweke. Kipande cha Kili na Tauriel kinaanza, nyota, macho legelege, jamaa akasema "hapa wanapendana wadau, twendeni mbele", akawa anaongea mambo ya mechi ya jumapili mpaka kikaisha. Nikasema huyu ndo angepewa aihariri. Ila alipofika kwa joka akaniudhi vibaya sana, maana sauti ile ya Benedict Cumberbatch ni nzito inatetemesha viti, na yeye kaifunika yote na "joka linauliza nani kaingia humu bila hodi".

Nilikuja kuisikia vizuri nyumbani kwangu. Wazee, lile joka! Mlima wa dhahabu unatikisika, jicho linafunguka, na Bilbo mfupi peku anaanza kulisifia ili lisimle, anapiga sifa kama mshenga na joka linazifurahia huku linamtafuta. Anayecheza Bilbo ni Martin Freeman, yeye na Cumberbatch ndo wale wale wa tamthilia ya Sherlock ya BBC, kwa hiyo wanajuana. Maongezi hayo yametoka kitabuni moja kwa moja, hawakumuongezea mpenzi wala binamu, watu wawili tu wanaongea, na ndo pazuri kuliko pote. Nilikuwa nimesinzia, nikakaa wima.

Dakika chache mbele wanawasha matanuru, wanayeyusha dhahabu, Thorin, kiongozi wa mbilikimo, kapanda toroli anateleza juu ya mto wa dhahabu inayochemka na haungui hata nyusi. Nikalala tena kidogo. Mwisho joka linajikung'uta dhahabu, linaruka linaelekea mjini kuchoma watu, giza, Ed Sheeran anaimba. Imeisha! Tunakaa mwaka mzima hadi Disemba 2014, inakuja ya tatu, na joka linakufa kabla hata jina la muvi halijaandikwa kwenye skrini. Mwaka mzima nasubiri kitu cha kumalizika kabla chai haijapoa.

Juzi nimepita kibandani kwa dogo anayetia muvi kwenye flashi, ananiambia mzee baba, ile ya Smaug kuna toleo refu, wameongeza dakika 25. Nikamfokea. Nikamwambia hawa watu hawana adabu, mi naomba wapunguze wao wanaongeza, na nyie mnaendelea kuwauzia? Akanisikiliza mpaka nikachoka, alafu akasema humo Beorn ana sehemu kubwa, mbilikimo wanaletwa kwake wawili wawili.

Nikaendelea kufoka, ila flashi nilishampa.